“Ni saa kumi na moja alfajiri…”: kwa nini dokumentari za wanafunzi hufanana, na wanaoacha njia hiyo hufanyaje

Novemba 2025 mkurugenzi mkuu wa BBC, Tim Davie, na mkuu wa habari wa shirika hilo, Deborah Turness, walijiuzulu. Sababu moja kubwa ilikuwa kipindi cha Panorama kilichorushwa Oktoba 2024. Kipindi hicho kilikuwa kimeunganisha vipande viwili vya hotuba ya Donald Trump ya Januari 6, 2021. Kwenye hotuba yenyewe vipande hivyo vilipishana kwa zaidi ya dakika 50, lakini kwenye runinga vilisikika kama maneno yaliyotoka kwa pumzi moja. Tangu hapo ukitaja dokumentari mbele za watu hukosi wa kukwambia: zote ni za kukatwakatwa, zote ni uongo. Mwingine atakujibu kinyume chake, kwamba kamera haidanganyi na kilichoonekana ndicho kilichotokea. Wote wawili wamekosea, na anayeumia zaidi na mkanganyiko huo ni mwanafunzi wa chuo aliyepewa kazi ya kutengeneza filamu ya dakika kumi na hajui ni kanuni zipi azishike na zipi aziache.

Tuanze na neno lenyewe, kwa maana kwetu limetanuka mno. Video ya maharusi inayoonyeshwa ukumbini huitwa dokumentari. Wasifu wa mgombea unaorushwa kabla ya mkutano huitwa dokumentari. Kampuni ikitimiza miaka 25 nayo hutengenezewa “dokumentari”. Kwa matumizi ya makala haya, dokumentari ni filamu inayomwahidi mtazamaji kwamba watu, mahali na matukio anayoyaona yapo au yalikuwapo kweli, na ambayo imeyapanga ili kujenga hoja au simulizi. Shikilia pande zote mbili za maelezo hayo. Bila ahadi hiyo ungekuwa na mchezo wa kuigiza, na bila mpangilio ungekuwa na rekodi za kamera ya ulinzi getini. John Grierson, Mskoti aliyelitumia neno hilo kwa filamu mwaka 1926, baadaye aliieleza kazi hii kuwa ni kuushughulikia uhalisia kwa ubunifu. Ubunifu haukuingia baadaye kama doa. Ulikuwamo tangu mwanzo.

Neno la pili ni kaida. Kaida za vyombo vya habari ni zile namna za kupiga picha, kuhoji, kukata na kusimulia ambazo macho yamezizoea hadi hayazioni tena. Mtu akikwambia “Paukwa!” nawe ukajibu “Pakawa!”, hakuna aliyewahi kukueleza kwamba kinachofuata ni cha kubuni, umeshajua tu. Dokumentari nayo ina paukwa yake, ila yake inaelekeza upande wa pili: jina la mtu chini ya kioo, sauti nzito isiyo na uso, kamera inayotikisika kidogo, picha ya zamani isiyo na rangi. Kila kimoja kinamnong’oneza mtazamaji: hili ni kweli. Ndiyo maana kaida zina nguvu, na ndiyo maana mtu mwenye nia mbaya anaweza kuzivaa kama sare ya kuazima.

Filamu ambayo umeshaiona mara mia

Inaanza na droni juu ya paa za mabati. Kinanda kinalia polepole. Kisha sauti ya mwanamume: “Ni saa kumi na moja alfajiri. Wakati wengi bado wamelala, mama huyu tayari ameamka…” Tunaona miguu ya mtoto isiyo na viatu, moshi wa kuni, dumu la maji. Mama anasema sentensi mbili. Mtaalamu wa chuo kikuu anasema sita, nyuma yake kabati la vitabu. Ofisa wa halmashauri, mezani pake penye bendera ndogo, anasema serikali inalifahamu suala hilo na mchakato unaendelea. Mama anarudi kwenye kioo akitazama mbali. Sauti inauliza: “Je, ni nani atakayesikia kilio chake?” Picha inafifia.

Hakuna kosa la kiufundi hapo, na mwanafunzi anaweza kupata alama nzuri. Tatizo limo katika mgawanyo wa kazi: mama amepewa kazi ya kuteseka, mtaalamu ya kujua, ofisa ya kuahidi, msimulizi ya kufikiri. Mama huyo huenda ndiye ajuaye kuliko wote bei ya maji ilivyopanda na ni nani aliyefunga bomba, lakini umbo la filamu halina mahali pa kumwuliza. Kaida ilishaamua kabla kamera haijawashwa.

Msimulizi asiyeonekana ana historia hapa hapa kwetu, na inafaa wanafunzi waijue. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa filamu za elimu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri, milima ya Usambara. Filamu zake zilipigwa bila sauti. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine, na filamu zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Mtu aliyeonekana akilima hakuwa na namna ya kusema lolote. Sauti ilitoka pembeni na kumweleza mtazamaji nini cha kufanya: chimba choo, panda hivi, weka akiba. Baada yake ikaja Colonial Film Unit ya Waingereza, iliyoanzishwa 1939. Kiongozi wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika haelewi picha zikienda haraka, kwa hiyo shoti, yaani vipande vya picha vilivyopigwa bila kukatwa, ziwe ndefu, kamera itulie, kila kitu kielezwe. Dhana hiyo ilikuwa ya dharau na haikuwa na msingi, lakini mtindo wa “sisi tunajua, ninyi sikilizeni” ulibaki katika filamu za mafunzo, ukaingia katika filamu za miradi ya maendeleo, na leo unajitokeza katika kazi za vijana ambao hawajawahi kusikia jina la Vugiri.

Mnada mmoja, filamu tatu

Chukua mfano. Wanafunzi wanne wanataka kupiga mnada wa asubuhi katika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Mhusika wao ni mama anayenunua vibua mnadani na kuvikaanga hapo hapo sokoni. Wana siku tatu, simu mbili nzuri, maiki moja ya kubana nguoni na stendi moja ya miguu mitatu.

Njia ya kwanza ni ya mwalimu ubaoni. Unaandika maelezo kwanza, kisha unatafuta picha za kuyafunika. Msomaji wa Kiswahili asiyekimbia husoma maneno kama 110 kwa dakika, hivyo dakika kumi zenye usimulizi nusu ya muda zinahitaji maneno 550 tu, kama kurasa mbili za mkono. Picha hazihitaji kuwa nyingi, dakika 60 hadi 90 zinatosha. Ni njia ya haraka, inafaa pale penye takwimu na sheria za kueleza, na ni hapo hapo uvivu hujificha: msimulizi akisema “maisha ni magumu”, shoti yoyote ya mtu aliyechoka itakubalika, hata kama wakati ule mama alikuwa anafikiria chenji ya mteja.

Njia ya pili ni ya mgeni aliyekaa kimya kwenye kona ya jiko. Huulizi, husimulii, huweki muziki. Ilishika kasi Marekani na Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1960, zilipopatikana kamera nyepesi zenye uwezo wa kurekodi picha na sauti kwa pamoja mtu akiwa anatembea. Leo simu ina uwezo huo, lakini gharama imehamia kwingine. Kwa dakika moja ya filamu iliyokamilika tegemea kurekodi dakika 20 hadi 30. Filamu ya dakika kumi inaweza kukupa hadi saa tano za picha za kuangalia zote. Kwa ubora wa 1080 simu nyingi hula karibu MB 130 kwa dakika, maana yake GB 40 hivi, na unahitaji nakala mbili zilizokaa sehemu mbili tofauti. Wanafunzi wengi huichagua njia hii wakidhani ni rahisi kwa kuwa haina maandishi. Wanarudi na saa moja na nusu ya rekodi, hawana mwanzo wala mwisho wa tukio lolote, kisha usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi wanabandika msimulizi.

Njia ya tatu ni ya mgeni anayeuliza na anayekubali kuulizwa. Mtengenezaji anasikika, pengine anaonekana, na mama anaweza kumgeuzia: “Na wewe mwanangu, hizi picha utazipeleka wapi?” Swali hilo likibaki ndani ya filamu, mtazamaji anajua mara moja kwamba mbele yake kuna watu wawili wanaoshughulika, na kwamba mmoja ana kamera na mwingine hana. Binafsi ndiyo ningemshauri mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa sababu inamlazimu kuwa mkweli juu ya nafasi yake.

Filamu nzuri nyingi huchanganya zote tatu. Kubaya ni kuchanganya bila kujua: robo tatu ya filamu mtazamaji yuko kwenye kona ya jiko, halafu ghafla sauti toka juu inamwambia afikirie nini.

Kaida za kushika

Kuna wanafunzi wakisikia “kupinga kaida” wanaelewa kamera itikisike na taa ziwe mbaya. Kaida za ufundi zipo ili mtazamaji asihangaike na kifaa, na kuzivunja kwa kutojua kunamfanya mtazamaji amfikirie mpiga picha badala ya mama.

Mstari wa kuwazia kati ya watu wawili wanaozungumza ni mfano mzuri. Mechi ya Simba na Yanga hupigwa na kamera kuu zikiwa upande mmoja wa uwanja. Kamera moja ikihamia upande wa pili bila taarifa, timu iliyokuwa inashambulia kulia itaonekana inashambulia kushoto, na kijiwe kizima kitapiga kelele. Mama na dalali wakibishana bei ni hivyo hivyo: chagua upande, kaa hapo. Ukitaka kuvuka, tembea na kamera ikiwa imewashwa ili mtazamaji avuke nawe, au weka katikati shoti isiyo na upande, kama mikono inayohesabu samaki.

Mikono hiyo ipige kwa utaratibu. Kila tendo lipatie shoti tano: mikono, uso wa mwenye mikono, mahali pote kwa upana, tendo kutoka nyuma ya bega lake, na moja ya pembe usiyoitarajia. Shikilia kila moja sekunde kumi bila kusogea. Sekunde tatu zinaonekana nyingi ukiwa umesimama juani, ila kwenye kuhariri hazitoshi kitu.

Taa nazo. Umeme wetu ni wa hetsi 50, na simu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa fremu 30 kwa sekunde. Ndiyo maana chini ya balbu za LED za bei nafuu picha hucheza mistari. Weka fremu 25 na kasi ya shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya sekunde 1/50 au 1/100, mistari itatoweka. Ukisahau, hakuna programu itakayokuokoa vizuri.

Sauti ni muhimu kuliko vyote. Mtazamaji atavumilia picha ya giza, ila sauti mbovu hamalizi nayo dakika mbili. Maiki ikae shubiri moja chini ya kidevu. Kwa mama aliyejifunga kanga, usiibane juu ya kanga, kwa sababu kitambaa kikisugua kitatoa mkwaruzo kila akigeuka: ibandike kwa plasta ndani ya ukosi wa gauni, waya wake umekunjwa kitanzi kidogo ili usivute. Kwenye kipimo cha kurekodia, sauti ya juu kabisa iguse kati ya desibeli −12 na −6, isifike sifuri. Ukihoji ndani, zima friji na feni, na ufunguo wako uweke ndani ya friji hilo ili usiondoke nyumba ya watu bila kuliwasha. Ukimaliza, kaeni wote kimya na kurekodi sekunde 60 za mahali pale pakiwa patupu. Bila ukimya huo kila mkato wa mahojiano utasikika kama shimo.

Macho, kigoda na lugha

Hapa ndipo kupinga kaida kunapoanza kuleta tofauti ya kweli. Kaida ya mahojiano inasema mhojiwa amtazame mwulizaji aliyekaa pembeni ya kamera. Anayeruhusiwa kutazama lenzi moja kwa moja ni mtangazaji, na rais anapolihutubia taifa. Mpe mama wa Feri lenzi, umempa kiti cha mtangazaji, na mtazamaji hawezi tena kumwangalia kama mtu aliyechunguliwa. Lakini ukimwambia tu “tazama hapa”, atakakamaa, kwa maana anaongea na kipande cha kioo. Kaa nyuma ya kamera, uso wako ugusane na sehemu ya juu ya lenzi, na umfanye aongee nawe. Wenye muda hutengeneza sanduku lenye kioo chembamba kilicholala kwa digrii 45 mbele ya lenzi, uso wa mwulizaji ukiakisiwa hapo, na mhojiwa akimtazama mwulizaji anakuwa ametazama lenzi.

Urefu wa kamera unasema mengi kuliko watu wanavyodhani. Mama amekaa kigodani, mwanafunzi amesimama: kila shoti inamtazama kutoka juu, na hata maneno yake yawe mazito vipi atabaki mdogo. Shusha stendi hadi sentimita 70 au uchuchumae. Kisha angalia ulivyompiga yule mtaalamu. Kama kamera yake ilikuwa usawa wa macho na ya mama ilikuwa juu, filamu yako imeshatoa hukumu ambayo hukuiandika popote.

Lugha nayo hubadilika kamera ikiwaka. Mtu aliyekuwa anakusimulia kwa raha anaanza kusema “kama mnavyoona, changamoto ni nyingi”. Amehamia kwenye Kiswahili cha redioni, kwa sababu anajua kaida kama unavyoijua wewe. Usimkatize, ni mkubwa wako. Zungumzeni nusu saa bila kurekodi, msaidie hata kupanga sinia, kisha uliza vitu vinavyodai jibu la mikono: “Mama, hii sinia moja leo umeinunua bei gani, na jana ilikuwaje?” Mwombe alirudie swali ndani ya jibu, la sivyo utabaki na “ndiyo” na “hapana” zisizo na kichwa wala miguu. Anayezungumza Kisukuma au Kimeru mwache azungumze, weka maandishi chini. Kaida ya kumfunika kwa sauti ya mkalimani inamnyang’anya kitu cha mwisho alichobaki nacho. Maandishi yasizidi mistari miwili, herufi kama 37 kwa mstari. Maneno ya Kiswahili ni marefu, hapo yanaingia matano au sita tu, kwa hiyo unahitaji kufupisha, na ufupishaji huo mwonyeshe mtu anayeijua lugha ya asili.

Wengine humwondoa msimulizi kabisa na kumwachia mhusika asimulie. Jean Rouch, Mfaransa, alifanya hivyo mjini Abidjan katika filamu yake ya 1958, Moi, un noir. Kamera yake haikuweza kurekodi sauti pamoja na picha, basi baadaye aliwaonyesha vijana picha zao wakasema juu yake walichotaka, wakatania, wakaota ndoto zao kwa sauti. Mwanafunzi mwenye simu anaweza kuiga leo: mwonyeshe mama dakika tano za mnada kwenye simu, maiki ikiwa imewashwa, akueleze anachoona. Utasikia dalali yupi anapendelea wateja wake, samaki gani amelala, kwa nini alisita kupandisha bei pale ulipodhani amechoka. Ila usiandike kwenye bango kwamba “filamu inasimuliwa na mama mwenyewe” kana kwamba umetoka njiani. Sentensi zake mia mbili umechagua thelathini. Aliyechagua ni wewe.

Ofisa na kiti kitupu

Kaida ya pande zote mbili ni nzuri, na ukimtaja mtu au ofisi kwa lawama huna hiari, lazima umpe nafasi ya kujibu. Inaharibika inapogeuka kuwa mizani ya duka: dakika moja kwa mama, dakika moja kwa ofisa, basi haki imetendeka. Kama mama anasema ushuru umepanda na risiti anazo, kazi yako ni kusoma risiti. Mtazamaji akiachiwa kauli mbili zinazogongana bila msaada, hajafaidika.

Ofisa akikataa, wanafunzi wengi hulitupa suala zima. Fanya hivi: andika barua yenye maswali mahususi, peleka kwa mkono, pata mhuri wa mapokezi, toa siku 14. Kimya kikiendelea, weka maandishi kwenye filamu: barua ilipokelewa tarehe fulani, hadi tarehe fulani haikujibiwa. Maandishi hayo hayana kejeli ndani yake, na yana uzito kuliko “mchakato unaendelea”. Akikubali, mwombe mkutane sokoni badala ya ofisini. Bendera na kabati ni kaida pia, na mtu akiwa amesimama karibu na bomba lenyewe huongea tofauti.

“Mama, rudia tena” ni uongo?

Kila darasa lina mabishano haya. Mwaka 1922 Robert Flaherty alitoa Nanook of the North, filamu ya Wainuiti wa Kanada inayotajwa katika kila kozi. Nyumba ya barafu ilijengwa kubwa na upande mmoja ukaachwa wazi, ili mwanga wa kutosha kamera uingie. Wawindaji waliokuwa wamekwisha kuzoea bunduki waliombwa wawinde kwa chusa. Mambo hayo mawili hayako sawa. La kwanza linabadilisha namna ya kuona nyumba. La pili linabadilisha ukweli juu ya maisha ya watu, kwa kuwafanya waonekane wa zamani kuliko walivyokuwa.

Tumia kipimo hicho sokoni. Kumwomba mama aingie tena mlangoni kwa sababu ulichelewa kuwasha kamera hakumdanganyi mtu kuhusu lolote la maana. Kumwomba apike kwa kuni ilhali ana jiko la gesi, kwa kuwa moshi unapendeza, ni kughushi, hata kama siku moja moja hutumia kuni. Kuigiza tukio lililopita inaruhusiwa, bora igizo lijulikane kuwa ni igizo: badilisha rangi, usionyeshe nyuso, weka neno “igizo” pembeni. Picha zilizotengenezwa na akili mnemba zinahitaji alama hiyo muda wote ziko kwenye kioo, wala usizikaribishe mahali ambapo mtazamaji anatarajia picha za kumbukumbu. Picha ya zamani inaaminiwa kwa kuwa mtu aliwahi kusimama pale na kamera.

Na kamera ya kutikisika? Haina ukweli zaidi ya iliyotulia. Ni kaida kama nyingine, imeazimwa kutoka kwa waandishi waliokuwa wakikimbia. Ukiitikisa kwa makusudi mbele ya mama aliyekaa, unaigiza hatari isiyokuwapo.

Mkasi

Turudi kwa Panorama. Kuhariri kwenyewe hakukuwa kosa, kwani hakuna filamu bila mkato. Kosa lilikuwa kuficha mshono. Sentensi mbili za mtu mmoja, kutoka sehemu mbili za mbali, zikiunganishwa bila alama, mtazamaji anaamini zilifuatana, kwa sababu kaida imemfundisha hivyo. Wahariri wana namna za kuuonyesha mshono: mweko mfupi mweupe, sekunde moja ya giza, sauti ya msimulizi katikati, au kuacha picha iruke waziwazi. Shoti ya mikono inayofunika mkato ndiyo ya kuangaliwa sana. Ni halali ikifunika kikohozi au “yaani, yaani”. Ikifunika dakika kumi zilizoondolewa, imekuwa pazia.

Utaratibu unaozuia ajali ni wa karatasi na kalamu. Nakili mahojiano yote neno kwa neno, ukiandika dakika pembeni: saa moja ya sauti itakula saa nne au zaidi, na hakuna njia ya mkato iliyo salama, kwa kuwa programu za kunakili bado hukosea Kiswahili cha mtaani. Jenga filamu kwanza kwenye karatasi. Kila unapounganisha kauli mbili, andika dakika ya kila moja. Zikipishana kwa zaidi ya swali moja, mpe mwenzako ambaye hakuwepo asome maandishi kamili, kisha asikilize mkato wako, umwulize kama maana ni ile ile. Halafu tazama kila onyesho bila muziki. Kinanda kikiondoka na huzuni ikaondoka nacho, basi huzuni ile uliileta wewe.

Kabla ya kuonyesha mbele za watu

Ridhaa ya kushiriki iwe ya maandishi na pia irekodiwe mbele ya kamera, kwa lugha ya mhusika, ikieleza filamu itaonyeshwa wapi. “Ni ya darasani tu” ni ahadi. Ukiiweka YouTube mwaka unaofuata umeivunja. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ya 2022, na sura na sauti ya mtu inayomtambulisha ni taarifa zake binafsi. Vibali vya kupiga filamu na ruhusa ya droni kutoka mamlaka ya usafiri wa anga vitafutwe wiki kadhaa kabla, maana kuandika “mimi ni mwanafunzi” hakukuondolei wajibu.

Aliyeomba afichwe asifichwe nusu. Kaida ya runinga ya kuikandamiza sauti iwe nzito haitoshi, kwa maana inaweza kurudishwa ilivyokuwa. Mwombe mtu mwingine ayasome maneno yake na uwaambie watazamaji hivyo. Ukungu usoni hausaidii kama bangili inaonekana, au kanga yenye jina linalojulikana mtaa mzima, au namba ya pikipiki ukutani. Na faili la simu linaweza kubeba alama ya mahali lilipopigwa. Zima kipengele cha mahali kabla ya kurekodi.

Mwisho, mkato wa awali wa filamu, kabla haujakamilika, waone kwanza waliomo. Rouch na mwanasosholojia Edgar Morin waliwaonyesha wahusika wao wa Paris picha zao wenyewe, na mabishano yaliyofuata wakayaweka ndani ya filamu yao ya 1961, Chronique d’un été. Sokoni usiwakusanye wote kwa pamoja na kuuliza “mmeionaje?”, maana mbele ya majirani kila mtu atasema nzuri tu, Mungu awabariki. Kaa na mama peke yake, mchana biashara ikipoa, mpe simu ashike mwenyewe, na uulize vitu viwili: kuna sehemu ambayo si hivyo ilivyokuwa? Na kuna sehemu ambayo kesho itakuletea taabu hapa sokoni? Akinyamaza kwenye sehemu fulani, rudisha nyuma sekunde thelathini, iangalieni tena pamoja. Andika alichosema na tarehe. Ukibadilisha chochote baada ya siku hiyo, rudi Feri umwonyeshe tena.